Tuta la Mimea ya Ukame Lililouawa na Maji: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Mbezi Beach

Kisa hiki kinahusu tuta moja la maua lenye urefu wa mita 14 na upana wa mita 2.5, lililoko ubavuni mwa nyumba ya mama mmoja, mwalimu mstaafu, huko Mbezi Beach, Dar es Salaam. Katika tuta hilo ilipandwa mimea 120 ya aina ile ambayo wauza miche wa kandokando ya barabara huiita sakulenti, yaani mimea ya kudumu yenye majani au mashina manene yanayohifadhi maji, na kabla ya mwaka kutimia mimea 72 kati ya hiyo ilikuwa imekufa. Hakuna hata mmoja uliokufa kwa ukame. Nimeona nikiandike kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kila mwaka, masika yakiisha, napigiwa simu na watu wenye malalamiko yaleyale, na karibu wote huanza kwa kuniambia kwamba muuza miche aliwadanganya.

Wazo la bustani hiyo lilizaliwa mwishoni mwa mwaka 2022, kipindi ambacho maji ya Mto Ruvu yalishuka na jiji likaingia kwenye mgao. Mama alikuwa na nyasi zilizozunguka nyumba pande tatu, na nyasi hizo zilitaka maji kila siku. Alikuwa na kisima, lakini maji yake yana chumvi, na alipoanza kununua maji ya boza kwa ajili ya nyumba hakuona sababu ya kuyamwaga kwenye nyasi. Zikakauka. Aliniambia baadaye, “Mwanangu, sitaki tena bustani ya kushindania maji na wajukuu wangu.” Uamuzi wake wa kuhamia kwenye mimea inayostahimili ukame ulikuwa sahihi kabisa, na ningependa jambo hilo lieleweke tangu mwanzo, kwa kuwa watu waliomwona amepoteza mimea 72 walimshauri arudishe nyasi.

Fundi wa kwanza, ambaye sikuwahi kukutana naye, alilitengeneza tuta mwezi Julai 2023. Alichimba sentimita 25 za mchanga wa asili, akajaza shimo lote udongo mweusi uliochotwa bondeni na kuletwa kwa kenta, akauchanganya na samadi ya ng'ombe, akatandika nailoni nyeusi juu yake ili magugu yasiote, akatoboa nailoni hiyo kila mahali alipotaka kupanda, kisha akamwaga kokoto nyeupe juu. Tuta lilikuwa sawa na usawa wa ardhi, limezungushiwa ukingo wa saruji, na kwa hakika lilipendeza. Mimea yenyewe ilikuwa hivi: sansevieria 30, mishubiri 18, taji la miiba 14, kalankoe 11, mikonge ya bustani yenye milia myeupe 9, waridi la jangwani 6, pamoja na echeveria 20 na sedumu 12 zilizonunuliwa kwa bei kubwa kwa sababu ya rangi zake.

Kipupwe kilipita vizuri. Kuanzia Julai hadi Septemba Dar es Salaam hupata mvua kidogo, upepo wa kusi hukausha ardhi, na usiku huwa na ubaridi wa wastani. Kila kitu kilisimama, na mishubiri ikaanza hata kuzaa watoto. Kisha zikaja mvua za vuli za mwaka 2023, mwaka wa El Niño, ambazo zilikuwa nyingi kupita kawaida. Mwezi Novemba echeveria zikaanza kuachia majani moja baada ya jingine, majani yakiwa yamelegea na kung'aa kama zabibu zilizoiva kupita kiasi. Sedumu zikafuata. Mwezi Januari, jua la kaskazi likiwa kali, mishubiri ikasinyaa na kuwa ya kahawia, na mama, kama ambavyo mtu yeyote angefanya, akaamini ina kiu. Mzee anayetunza bustani akaagizwa kumwagilia kila jioni. Masika ya 2024 yalipoingia mwezi Machi mimea mingi ilikuwa tayari inakufa, na mvua zilizoendelea hadi kile kipindi cha kimbunga Hidaya mwanzoni mwa Mei zikamalizia.

Niliitwa mwezi Juni. Nilipofika nilimkuta Mzee ameinama akiokota majani yaliyooza, nikamwamkia, “Shikamoo Mzee,” akaitikia, na kabla sijamuuliza lolote akasema, “Mwanangu, huku kwenye viyoyozi mimea haikai. Nimepanda mara tatu.” Nimekuwa nikisema kwa miaka mingi kwamba uchunguzi wa bustani uanze kwa mtu anayeishika kila siku, kwa sababu mwenye nyumba huiona bustani dirishani, ilhali mtunzaji ameiona kwa mikono. Nilimwomba tutembee tuta lote, anionyeshe kila mmea uliokufa, ulipokuwa, na ulikufa lini. Nikachora ramani kwenye karatasi.

Ramani hiyo ndiyo iliyotoa jibu, hata kabla ya kuchimba. Tuta lina sehemu tatu zisizofanana. Mwisho wake wa ndani uko chini ya vyumba viwili vya kulala, na mabomba ya viyoyozi vya vyumba hivyo yanadondoshea maji palepale. Hapo hakuna kitu kilichobaki, hata sansevieria nane, mmea ambao kuuua ni kazi. Katikati, bomba la gata linashuka kutoka paani na kumwaga maji juu ya kokoto. Hapo ilibaki mimea michache, tena yote iko pembeni, mbali na bomba. Mwisho wa tatu ni upande wa lango, na hapo, katika mita tatu hivi za mwisho, karibu kila kitu kilikuwa hai: mishubiri imenona, taji la miiba lina maua mekundu, sansevieria zimesukuma machipukizi hadi kwenye ukingo. Zilizokufa upande huo zilikuwa ni echeveria na sedumu tu.

Nikamuuliza Mzee kwa nini upande wa lango umesalimika. Akajibu kwamba udongo mweusi haukutosha. Kenta la pili halikuja, na fundi akamalizia sehemu ile kwa kurudisha mchanga aliouchimba mwenyewe. Hilo lilikuwa jaribio ambalo hakuna aliyelikusudia, nami nilifurahi sana kulipata, kwa maana mvua ni ileile, mwagiliaji ni yuleyule, jua ni lilelile, na kilichotofautiana kilikuwa ni udongo na maji ya ziada kutoka kwenye nyumba.

Kabla ya kuendelea na udongo, niliondoe shitaka lililokuwa midomoni mwa kila mtu pale nyumbani, yaani chumvi ya kisima. Chumvi huunguza ncha na kingo za majani kwanza, huacha utando mweupe juu ya udongo maji yanapokauka, na madhara yake huonekana zaidi wakati wa kiangazi, kwa kuwa mvua kubwa huisukuma chini. Katika tuta hili ncha za majani zilikuwa nzima, vifo viliongezeka wakati wa mvua, na upande wa lango, uliomwagiliwa maji yaleyale ya kisima, ulikuwa unastawi. Siyasifu maji ya chumvi, na kwa echeveria ningeyaogopa, lakini hapa hayakuwa na hatia.

Tuliung'oa mti mmoja wa waridi la jangwani uliokuwa katikati ya tuta, ambao kwa nje ulikuwa bado na majani manne. Mmea huu huhifadhi maji katika shina lake la chini, lililovimba kama kibuyu, na shina lenye afya ni gumu kama kiazi kibichi. Nililibonyeza kwa kidole gumba, kidole kikazama. Ndani palikuwa na rojo la rangi ya kahawia lenye harufu ya siki iliyochanganyika na samaki. Mizizi ilinipa ushahidi ulio wazi zaidi: nilipouvuta mmoja kati ya vidole viwili, gamba lake la nje lilivuka lote kama soksi na kuniachia uzi mwembamba mweupe mkononi. Hiyo ni alama ya kuoza kunakoletwa na vimelea vya udongo vinavyopenda maji yaliyotuama, kundi la Pythium na jamaa zake. Vimelea hivi vipo karibu katika kila udongo na havina nguvu kubwa dhidi ya mzizi unaopumua. Hupata nafasi pale ambapo maji yamejaza matundu yote ya udongo, hewa ikafukuzwa, na mzizi ukaanza kufa wenyewe.

Hapa ndipo ulipo mtego uliomponza mama, na uliowaponza wengi. Mmea ambao mizizi yake imeoza hauwezi kunyonya maji, kwa hiyo majani yake husinyaa, hukunjamana, hubadilika rangi, yaani huonyesha dalili zilezile za mmea wenye kiu, kwa sababu kweli una kiu, ukiwa umesimama katika maji. Mtu anayeuona huongeza maji, mizizi michache iliyobaki huoza, na majani husinyaa zaidi. Njia ya kutofautisha ni kugusa. Mshubiri wenye kiu ya kweli huwa na majani membamba, yaliyokunjika kwa ndani lakini magumu, na shingo yake, pale shina linapokutana na udongo, ni kavu na imara. Mshubiri uliooza huyumba ukiusukuma kwa kidole, na jani la chini huchomoka bila kuvutwa.

Tulichimba shimo la upana na kina cha sentimita 30 katikati ya tuta. Nailoni ilipofunuliwa, upande wake wa chini ulikuwa na matone ya maji kama mfuniko wa sufuria ya wali, ingawa mvua ya mwisho ilikuwa imepita siku tisa kabla. Udongo mweusi ulikuwa umelowa kiasi kwamba niliweza kuufinyanga, nikausukuma kati ya kidole gumba na cha shahada, ukatoa utepe wa sentimita sita bila kukatika. Huo ni mfinyanzi, mzuri kwa mpunga. Lakini jambo la kushangaza lilikuwa chini yake. Sentimita 25 kwenda chini udongo mweusi uliisha ghafla, na mchanga wa asili uliofuata ulikuwa karibu mkavu.

Mzee aliniangalia akitaka maelezo, kwa sababu akili ya kawaida inasema maji yaliyo juu ya mchanga yatashuka mchangani. Hayashuki kirahisi. Udongo wenye chembe laini huyashika maji kwa nguvu katika matundu yake madogo, na mchanga wenye chembe kubwa hauna nguvu ya kuyavuta kutoka humo. Kwa hiyo maji husimama kwenye mpaka wa tabaka hizo mbili mpaka udongo wa juu ushibe kabisa, na hapo tu ndipo yanapoanza kuvuja. Niliomba sponji la kuoshea vyombo jikoni, nikaliloweka, nikalilaza juu ya kokoto. Lilidondosha matone machache, likaacha. Nikalisimamisha kwa ubavu wake mwembamba, maji yakamwagika upya, ingawa lilikuwa sponji lilelile juu ya kokoto zilezile. Mzee akacheka, akasema, “Kumbe ni kimo.” Ndiyo, ni kimo. Kadiri udongo unavyoinuka, ndivyo sehemu yake ya juu inavyoachiwa maji na mizizi iliyo humo inavyopata hewa. Kwa sababu hiyohiyo zile kokoto ambazo watu hutandika chini ya udongo katika vyungu vya maua hazisaidii kukausha udongo. Zinapunguza kimo cha udongo na kuusogeza ule ukanda wa maji karibu zaidi na shingo ya mmea. Ni desturi iliyoenea sana Dar es Salaam, na ningetamani ikome.

Baada ya hapo tulipiga hesabu ya maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Aprili, mwezi ambao kwa kawaida una mvua nyingi kuliko yote hapa, hupata wastani wa milimita 250 hivi, hivyo tuta la mita za mraba 35 hupokea lita 8,750 kutoka mbinguni moja kwa moja. Lakini sehemu ya paa inayomwagia gata lile ina mita za mraba 60, ambazo ni lita 15,000 zaidi, zote zikiingia katika tuta lenye ukingo wa saruji pande nne na lisilo na mlango wa kutokea. Kwa maneno mengine, tuta lilikuwa likipata karibu mara tatu ya mvua ya jiji. Tena hiyo ni Aprili ya kawaida. Kuhusu viyoyozi, mama alikubali kuweka ndoo ya lita 20 chini ya bomba moja usiku kucha; hata katika Juni, ambapo joto limepungua na chombo hakifanyi kazi kwa bidii, asubuhi ndoo ilikuwa na maji robo. Hewa ya pwani yetu imejaa unyevu, na kiyoyozi huutoa unyevu huo kama maji kila saa kinapowaka. Sansevieria nane zilizokufa pale zilikuwa zikimwagiliwa usiku kucha, kwa mwaka mzima, bila mtu kujua kwamba anamwagilia.

Samadi nayo ina lawama yake, japo ndogo. Mimea hii inapopewa mbolea nyingi hutoa majani mapana, laini, yenye maji mengi na ngozi nyembamba, ambayo huoza upesi kuliko majani yaliyokua polepole katika udongo maskini.

Limebaki swali la echeveria na sedumu zilizokufa hata upande wa lango, kwenye mchanga unaopitisha maji vizuri. Hapa udongo haukuhusika, na ningekuwa namdanganya mama kama ningemwambia kwamba matengenezo yangezirudisha. Mimea ya kundi hili ina namna yake ya kuishi na ukame: hufunga matundu madogo ya majani, yaani stomata, wakati wa mchana ili isipoteze maji, na huyafungua usiku kuvuta hewa ukaa, ambayo huihifadhi kama asidi mpaka jua litoke. Utaratibu huu hutegemea usiku wenye ubaridi. Echeveria nyingi asili yake ni milima ya Mexico, mahali ambapo jua la mchana ni kali lakini usiku ni baridi. Hapa kwetu, usiku wa Februari joto hubaki karibu nyuzi 25, na unyevu wa hewa ni mkubwa, kwa hiyo mmea hupumua na kutumia akiba yake usiku kucha bila kuvuna kiasi cha kutosha. Hurefuka, hupauka, hupoteza rangi zilizomfanya mtu aununue, kisha huvamiwa na ukungu. Vitabu na picha nyingi za bustani za ukame hutoka katika nchi zenye usiku wa baridi, na orodha zao za mimea zinawasaliti wasomaji wa pwani ingawa hazina kosa kwa watu wa huko. Lushoto au Arusha ningezungumza vingine.

Kwa mama nilipendekeza mimea inayotoka katika nchi zenye joto kama letu. Waridi la jangwani ni la Afrika yetu hii, na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hutumia utomvu wake kutengenezea sumu ya mishale, jambo linalotosha kumfanya mtu avae glavu anapolipogoa. Taji la miiba hutoka Madagaska, huchanua karibu mwaka mzima katika hewa yetu ya chumvi, na maziwa yake, kama ya mnyaa, huunguza macho. Mwenye wajukuu aupande nyuma, mbali na njia. Sansevieria asili yake ni Afrika. Mkonge wa bustani ni ndugu wa mkonge ulioletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ambaye kati ya miche 1,000 aliyoagiza kutoka Florida ni 62 tu iliyofika ikiwa hai, na hiyo 62 ndiyo ikawa chanzo cha mashamba ya Tanga; hauna haja ya kuthibitisha kwamba unaipenda pwani.

Kazi ya matengenezo ilifanyika Julai 2024, na nilisisitiza isifanyike kabla, kwa sababu kidonda cha mmea huu kinataka hewa kavu ili kifunge. Tuliing'oa mimea yote 48 iliyobaki, tukakata sehemu zilizooza kwa kisu kilichofutwa kwa spiriti kila baada ya mkato, mpaka tukaona nyama nyeupe isiyo na doa hata moja, tukapaka unga wa mkaa kwenye vidonda, kisha tukailaza kwenye kichanja chini ya kivuli kwa siku kumi. Siku ya nne mama alinipigia simu akiwa na wasiwasi kwamba mimea yake imelala kichanjani bila udongo wala maji. Nilimwomba avumilie. Siku ya kumi vidonda vilikuwa vimefunga ngozi kavu, ngumu kama kisigino.

Udongo mweusi wote tuliuhamishia nyuma ya nyumba, na sasa unaotesha mchicha na matembele kwa namna ambayo mchanga wa Mbezi Beach haungeweza. Nailoni tuliitupa. Ukingo wa saruji tuliupasua sehemu tatu ili maji yawe na njia. Kisha tulijenga vilima vitatu vyenye kimo cha sentimita 45, kwa mchanganyiko wa matoroli matatu ya mchanga wa mto, mawili ya chenga za kokoto, mawili ya mchanga wa palepale na moja la mboji iliyoiva vizuri, vikichanganywa kwa chepe mpaka rangi ikawa moja, na tukalima sehemu ya chini kwa sululu ili udongo mpya na wa zamani viingiane bila kuacha mpaka mkali. Sikutaka mchanga wa ufukweni, kwa sababu ya chumvi yake na kwa sababu fukwe zetu zinaliwa na bahari kiasi cha kutosha. Kokoto nyeupe tulizirudisha juu kwa unene wa sentimita tatu, kwani zikikaa juu ya udongo zina faida: huiweka shingo ya mmea pakavu, na matone ya mvua hayarushi matope kwenye majani.

Bomba la gata liliunganishwa na tangi la lita 2,000, na maji yale yaliyokuwa yakiua bustani sasa ndiyo yanayotumika kuimwagilia wakati wa kiangazi, na hayana chumvi. Mabomba ya viyoyozi yalirefushwa mpaka kwenye shina la mpapai.

Kumwagilia ndiko kulikokuwa kugumu kubadilisha, maana Mzee ana mazoea ya miaka mingi ya kushika mpira wa maji kila jioni, na mwajiri humwona anafanya kazi akiwa ameushika. Tulikubaliana juu ya kijiti cha mshikaki. Anakichomeka ardhini kwa kina cha kidole, anakiacha dakika kumi, anakitoa. Kikitoka na chembe za udongo zimegandia, hamwagilii. Kikitoka safi na kikavu, anasubiri siku mbili nyingine, kisha anamwagilia asubuhi, kwa wingi, mpaka maji yatokeze kwenye mapengo ya ukingo. Katika Januari na Februari hiyo imekuwa mara moja kila siku kumi hadi kumi na nne. Katika kipupwe inafika wiki tatu. Kuanzia mvua za kwanza za masika mpaka Juni mpira unabaki umekunjwa stoo. Mama amekubali, naye ameniahidi kwamba hatamuuliza Mzee kwa nini hamwagilii.

Nilirudi Juni 2025, masika yalipokwisha. Tulikuwa tumepanda tena mimea 70 kwa jumla, ile 48 iliyookolewa na 22 mipya, nyingi ikiwa ni watoto wa mishubiri na vipandikizi vya taji la miiba kutoka upande wa lango, na iliyokufa ilikuwa mitano. Kalankoe mbili na mshubiri mmoja zilishambuliwa kwenye mizizi na wadudu weupe wanaofanana na pamba, ambao walikuja na chungu kimoja kilichonunuliwa na hakikukaguliwa. Zile mbili nyingine, waridi la jangwani zote, zilioza, na kosa hilo ni langu. Nilizipanda chini kabisa mwa kilima cha kati, kwa kupenda mwonekano wake karibu na njia, bila kuzingatia kwamba pevingi za njia hiyo zimeinamia upande wa tuta na kwamba maji yote yanayopiga pevingi hukimbilia palepale.

Mwezi Julai tuliinua pevingi mbili, tukageuza mwinamo wake kuelekea kwenye mfereji, na waridi la jangwani zilizobaki tukazihamishia kileleni, ambako shina lake lililovimba limeachwa nje ya udongo kwa nusu yake. Mzee aliweka kijiti cha mshikaki pembeni mwa kila moja, akaniambia hataki kuviondoa tena, ili kila anayepita na ndoo avione.